Chupa ya Bluu: Shajara ya Mradi wa Seramu, Juni hadi Septemba 2025

Jumanne, 3 Juni

Mradi huu umeanzia saluni kwa dada, Temeke. Wiki iliyopita wateja wake wawili, siku tofauti, walimwekea simu mbele ya macho: kichupa cha kioo chenye maji ya bluu kama wino, mtu anajidondoshea usoni. "Ticha, hii ni nini?" akaniuliza. Mimi ni mwalimu wa kemia sekondari, na tangu niajiriwe dada yangu hajaniita tena jina nililopewa na wazazi. Nikamjibu kwamba ni seramu, maji mazito ya kupaka usoni, yenye peptidi ya shaba. Akasema basi tuitengeneze, kana kwamba nimemtajia juisi ya ukwaju.

Nimempa masharti mawili na ameyakubali mbele ya mama. Hakuna chupa itakayouzwa kabla ya kusajiliwa TBS, shirika la viwango, ambako shughuli za vipodozi zilihamia mwaka 2019 kutoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Na hii ni ya kupaka tu. Nasema hivyo kwa sababu nilipoanza kutafuta habari za peptidi nilikuta watu wazima wananunua unga wa maabara mtandaoni, wanauyeyusha jikoni na kujichoma sindano tumboni. Sisi hatutaki hata kukaribia huko.

Kwa atakayesoma daftari hili baada yangu: peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, zile zile zinazojenga protini. Hii ya bluu ina pingili tatu, glaisini, histidini na laisini, ambazo kwa herufi za kitaalamu ni G, H na K. Ikishikana na shaba huitwa GHK-Cu, na kwenye lebo za vipodozi huandikwa Copper Tripeptide-1. Loren Pickart wa Marekani aliitangaza mwaka 1973 baada ya kuipata kwenye plazma, yaani maji ya damu, ya binadamu. Alikuwa akichunguza kwa nini tishu za ini za wazee zinabadilika tabia zikiwekwa kwenye plazma ya vijana. Mtu wa miaka 20 anayo kama nanogramu 200 kwa kila mililita ya plazma, na akifika 60 hubaki kama 80. Tunatembea nayo mwilini siku zote.

Je, ukiipaka usoni inafanya kazi? Ninavyosoma mimi, ushahidi wa kwenye vyombo vya maabara ni mwingi kuliko ule wa kwenye nyuso za watu, na majaribio ya watu yaliyopo ni madogo. Nimemweleza dada hivyo hivyo. Akasema wateja wake hawasomi majaribio. Nikasema ndiyo maana inabidi sisi tuyasome.

Alhamisi, 12 Juni

Siku tisa za kuandikiana na wauzaji. Nimejifunza vyeti kuliko nilivyojifunza peptidi.

Wa kwanza alinitumia picha ya unga wa bluu ulioiva, na chini yake namba ya CAS, ile ya kutambulisha kila kemikali, 49557-75-7. Hiyo ni namba ya GHK tupu, isiyo na shaba, ambayo ni nyeupe. Yenye shaba ni 89030-95-5. Nilipomuuliza akajibu kwamba ni ile ile, nisijali. Nikajali.

Wa pili na wa tatu ni wafanyabiashara wenye majina tofauti, wanaodai kukaa miji tofauti. Kila mmoja alinitumia cheti cha uchambuzi, na vyeti vyote viwili vilikuwa kimoja: namba ya bechi ile ile, tarehe ile ile, hata kidoa cha wino pembeni ya mchoro wa kromatografia kipo palepale. Aidha wote wananunua kwa mtu mmoja, au mmoja wao ana mashine nzuri ya kunakili. Niliwaomba cheti cha bechi watakayonitumia mimi. Mmoja alinyamaza. Mwingine alinipa punguzo la bei, jambo ambalo sikuliomba.

Wa nne alijibu taratibu lakini alijibu nilichouliza. Cheti chake kina matokeo ya HPLC (mashine inayotenganisha na kupima vilivyomo kwenye mchanganyiko), uzito wa molekuli uliopimwa kwa mashine, kiasi cha maji, na kiasi cha aseteti, chumvi ya asidi ya siki. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo wauzaji wengi hulipita kimyakimya. Wote wanaandika "usafi 98%" au "99%", na mnunuzi anadhani kila gramu ina miligramu 980 za kitu anachokitaka. Sivyo. HPLC inamulika kwa mwanga wa urujuanimno na inahesabu vinavyofyonza mwanga huo. Maji yaliyonyonywa na unga hayaonekani, na chumvi iliyoganda nayo inapita kama jini. Ni sawa na muuza mchele wa Mbeya akikuapia kwamba katika kila punje mia, tisini na nane ni za Kyela halisi. Huenda anasema kweli. Hajakuambia gunia limeloa kiasi gani, wala mawe ni kilo ngapi.

Kuna hili la chumvi pia. Peptidi nyingi husafishwa kwa kutumia asidi ya trifloroasetiki, TFA kwa kifupi, na asidi hiyo hubaki imening'inia kwenye peptidi. Watafiti wa dawa wanaopima seli wanaikwepa kwa sababu inaweza kuwavurugia majibu, hivyo huomba ibadilishwe kuwa aseteti. Mimi ninayetaka kupaka usoni kwa mtu sina sababu ya kuwa mlegevu kuliko wao.

Nimeagiza gramu 5 kwa huyo wa nne, daraja la vipodozi. Dola 45. Usafirishaji umezidi bei ya mzigo.

Jumatano, 18 Juni

Shule zimefungwa, nimeshinda saluni. Dada alikuwa anasuka rasta, na mteja wake aliyekuwa kwenye kiti akataka kujua kwa nini gramu ya unga iwe ghali kuliko kilo ya nyama. Nimewaeleza peptidi zinavyotengenezwa na nadhani sijawahi kufundisha vizuri hivyo darasani, kwa sababu mfano ulikuwa mbele yangu kichwani mwa mtu.

Zamani mkemia alikuwa anaunganisha asidi amino mbili ndani ya kimiminika, anasafisha, anaongeza ya tatu, anasafisha tena, na kila akisafisha anapoteza. Vincent du Vigneaud aliipata oksitosini kwa njia hiyo mwaka 1953, pingili tisa tu, na miaka miwili baadaye akapewa Nobeli. (Oksitosini ndiyo ile sindano ambayo wakunga huchoma kuzuia damu baada ya kujifungua. Mteja aliruka: "Kumbe na mimi nishachomwa peptidi!" Ndiyo mama, na ya hospitali ina kazi inayojulikana na kipimo kinachojulikana.)

Mwaka 1963 Bruce Merrifield, kule New York, akaja na wazo la kusuka. Unachukua punje ndogo za resini, aina ya plastiki, hizo ndizo kichwa. Unafunga asidi amino ya kwanza kwenye punje, haitoki. Unamimina ya pili kwa wingi, inashika, zilizozidi unazisuuza zote zinakwenda, mnyororo umebaki umeshikilia kichwa. Ya tatu vivyo hivyo. Ili isishike mahali pasipotakiwa, kila kipande huja kimebanwa kibanio upande mmoja. Kibanio kinachotumika sana siku hizi kinaitwa Fmoc, nacho unakitoa kipande kikishakaa. Mwisho unakata mnyororo kwenye resini kwa asidi kali. Unaanzia mkiani: ukitaka GHK, kinachofungwa kwanza ni K. Merrifield alipewa Nobeli mwaka 1984.

Dada aliuliza swali ambalo wanafunzi wangu hawajawahi kuliuliza: "Na ukikosea msuko mmoja katikati?" Huwezi kufumua. Ndiyo ghali yake. Tuseme kila hatua inafaulu kwa asilimia 99. Kwa GHK kuna kuunganisha mara mbili tu, hivyo asilimia 98 ya minyororo itakuwa sawa. Semaglutide, ile dawa ya kisukari iliyogeuka gumzo la kupunguza unene, ina asidi amino 31. Kuunganisha mara 30 kwa asilimia 99 kunakuachia minyororo mizima 74 katika kila 100, na ile 26 iliyokosewa inafanana na mizima kiasi kwamba kuichambua ni kazi kuliko kusuka kwenyewe. Anayekuuzia peptidi ndefu kwa bei ya vitunguu amekuuzia na ile 26.

Jumatano, 9 Julai

Mzigo umefika. Siku mbili za forodha zilitumika kueleza kwamba unga wa bluu si viuatilifu wala dawa ya kulevya. Aliyenisaidia ni barua ya muuzaji yenye jina la kemikali, namba ya CAS na matumizi. Nakala tatu za barua hiyo zimeingia kwenye faili.

Kosa la leo ni langu. Niliuweka kwenye friza jana usiku kama cheti kilivyoagiza, nyuzi 20 chini ya sifuri. Leo asubuhi, kwa pupa, nimeutoa na kufungua hapo hapo. Kipupwe cha Dar ni kipupwe cha jina tu, hewa ya Temeke bado imejaa maji, na kichupa baridi kikatoa jasho ndani na nje. Unga uliokuwa mwepesi kama poda ya mtoto umeshikana vidonge. Ilitakiwa nikiache kimefungwa saa nzima mpaka kifanane joto na chumba, ndipo nifungue.

Nimeuweka kwenye chombo kisichopitisha hewa pamoja na vipakiti vya silika kwa siku mbili, kisha nitaugawa kwenye vichupa vitano vya gramu moja moja ili kila nikihitaji nifungue kimoja tu. Cheti cha muuzaji kuhusu kiasi cha maji sasa hakinihusu tena. Maji ya humo ni yangu.

Ijumaa, 11 Julai

Jaribio la baiureti. Kila aliyepita kidato cha pili analijua: hidroksidi ya sodiamu, matone ya salfeti ya shaba, protini ikiwemo rangi inageuka zambarau. Linafanya kazi kwa sababu viungo vya peptidi vinaikumbatia shaba kwenye mazingira ya alkali. Mimi ninalihitaji kwa njia ya kinyume, maana shaba tayari imo.

Hofu yangu ilikuwa hii: unga wa chumvi nyingi za shaba ni bluu. Mtu akikuchanganyia salfeti ya shaba na sukari, utapata bluu nzuri tu. Kwa hiyo nimeandaa mirija miwili. Wa kwanza salfeti ya shaba ndani ya maji, wa pili unga wangu. Nikatonesha hidroksidi ya sodiamu kote kuwili. Wa kwanza papo hapo ukaganda mashapo ya bluu hafifu, kama uji uliokatika. Wa pili haukuganda kitu. Ulibaki angavu wa kuonekana upande wa pili, rangi ikazama kuelekea zambarau. Shaba imeshikwa na kitu, na kitu hicho kinafanana na peptidi.

Nimefurahi kupita kiasi cha jaribio la kidato cha pili.

Hilo linanipa aina, halinipi kiasi. Jamaa yangu niliyesoma naye chuo anafanya kazi kwenye maabara ya udongo, wana mashine ya kupima madini. Nimempelekea miligramu 50 na soda mbili.

Jumamosi, 19 Julai

Majibu ya jamaa: shaba ni asilimia 13.9 ya uzito. Hesabu ya karatasini: GHK ina uzito wa molekuli 340.4, ikishika shaba na kuachia hidrojeni mbili inakuwa 401.9, na shaba ni 63.5 kati ya hizo, yaani asilimia 15.8. Ukigawanya 13.9 kwa 15.8 unapata 0.88. Kwa hiyo unga wangu ni GHK-Cu kwa asilimia 88 hivi, na zilizobaki ni maji, aseteti na upuuzi wangu wa tarehe 9. Cheti kinasema usafi 98.6. Vyote viwili ni kweli.

Kwa seramu ya asilimia 0.1 sitapima gramu 0.1 kwa kila 100, nitapima 0.114. Mizani niliyonayo ni ya sonara, inasoma hadi elfu moja ya gramu, na nimeihakiki kwa mawe yake kabla ya kuanza.

Jioni nimechanganya ya kwanza, gramu 100. Maji yaliyokenekwa, gliserini asilimia 5, chumvi ya asidi ya hayaluroniki (ndiyo inayoifanya seramu iwe nzito) nusu asilimia, kihifadhi chenye fenoksiethanoli ambayo kwa hesabu yangu inakaa asilimia 0.9 (sheria za Ulaya zinaweka kikomo kwenye 1), na EDTA asilimia 0.1 kwa sababu kila kichocheo cha mtandaoni kinayo. Mwisho unga wa bluu, uliyeyushwa pembeni kwenye maji kidogo. Ulikuwa bluu ya kifalme. Nikaumimina kwenye bika, nikakoroga, na mbele ya macho yangu ikafifia mpaka ikawa bluu ya mbali, kama maji ya bwawa la kuogelea.

Dada alidhani nimeweka kidogo. Mimi nikakaa chini na kalamu.

EDTA kazi yake ni kukamata madini. Inawekwa kwenye vipodozi ili inyang'anye bakteria chuma na kalsiamu wanavyovihitaji, kihifadhi kikamalizie. Haina macho ya kuchagua, na shaba ni chakula chake kipenzi. Gramu 0.1 ya EDTA yenye sodiamu mbili ni milimoli 0.27 (milimoli ni kipimo cha kuhesabia molekuli). Gramu 0.1 ya GHK-Cu ni milimoli 0.25. Nimeweka mwizi mmoja kwa kila nyumba, na mmoja wa ziada. Kilichomo kwenye bika sasa ni EDTA ya shaba na GHK tupu, na kwa bei niliyolipa naweza kusema nimeyeyusha pete.

Nimemwaga. Nimeandika kwa herufi kubwa kwenye jalada la daftari: HAKUNA EDTA, HAKUNA FITETI. Fiteti ndiyo wanayoiuza kama mbadala wa asili, nayo inakamata madini vile vile.

Jumapili, 20 Julai

Gramu 500, mafungu matatu.

A, gramu 300: kichocheo cha jana bila EDTA. pH, kipimo cha uasidi, imesoma 5.9. Nataka ikae kati ya 5.5 na 6.5, ikishuka sana histidini inaanza kuachia shaba.

B, gramu 100: kama A, lakini sehemu ya maji ni utomvu wa alovera. Dada ameukata uani kwake mwenyewe, ameuchuja kwa kitambaa. Nilimwambia mmea mbichi una vijidudu na sukari, kihifadhi changu hakikupigiwa hesabu hiyo. Akasema wateja wanaijua alovera, peptidi hawaijui. Ni dada mkubwa, nimekata gramu 100.

C, gramu 100: kama A, nimeongeza vitamini C asilimia 5 na kurekebisha pH. Hii ni ya udadisi wangu. Watu wanapaka vyote viwili na wanabishana kama vinagombana.

Za joto nimezipeleka kwa jirani mfugaji. Mashine yake ya kutotolesha vifaranga imekaa tupu mpaka apate mayai, na kidhibiti chake kinashikilia nyuzi 40 vizuri kuliko chochote nilichonacho. Kawaida ya watengenezaji ni kuiweka bidhaa kwenye nyuzi 40 kwa miezi mitatu ili kubashiri itakavyokaa dukani. Kuku hawatajua.

Jumatano, 6 Agosti

Siku ya 17.

C imekufa, na imekufa kwa namna ambayo ningelipa nauli kwenda kuitazama. Bluu iligeuka kijani siku ya pili, leo ni kahawia ya chai ya rangi. Lakini si rangi iliyonishangaza. Ile seramu ilikuwa nzito, inavutika kama bamia. Leo nimeinamisha chupa ikatiririka kama maji ya bomba. Shaba na vitamini C zikikutana huzalisha chembe kali za oksijeni, na chembe hizo zinaikatakata hayaluroniki. Wakemia wametumia mchanganyiko huo makusudi kwa miaka mingi pale wanapotaka kuivunja hayaluroniki maabarani. Mimi nimeutengeneza nikidhani natengeneza urembo. Anayetaka vyote viwili apake kimoja asubuhi, kingine usiku.

B ina uzi mweupe unaoelea. Nimeifungua, imenitosha harufu. Nimempelekea dada chupa bila kusema neno. Ameitazama, ameifunga, akaendelea kupaka mteja rangi ya kucha. Suala la alovera limefungwa.

A ipo vile vile. Bluu ile ile, pH 5.9.

Jumamosi, 16 Agosti

Leo nilikuwa saluni alipoingia mama mmoja, umri kama wa shangazi yetu. Uso mweupe wa njano, vifundo vya vidole vyeusi. Mkorogo wa kujichubua, mtu yeyote wa Dar anaijua alama hiyo, kwa sababu ngozi ya vifundo haikubali kama ya mashavuni. Chini ya macho yake kuna madoa ya kijivu yanayokaribia bluu. Amesikia dada anatengeneza dawa ya ngozi na ametaka kuwa wa kwanza.

Dada alinitazama. Nilimsalimu shikamoo, nikamwambia hatuna dawa, tuna jaribio, na ngozi yake inahitaji daktari wa ngozi. Nilimwomba aje na makopo anayotumia.

Madoa yale yananipa shaka ya haidrokwinoni iliyotumika miaka mingi: inafifisha ngozi mwanzoni, halafu kwa baadhi ya watu inaacha weusi wa bluu unaogoma kutoka. Nyingine kwenye mikorogo ni zebaki, ambayo inazima kimeng'enya kinachotengeneza rangi ya ngozi, inapenya na kwenda kuharibu figo. Zote mbili zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini, na nchi nyingi zilikubaliana kwenye Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 kuziondoa krimu za zebaki sokoni. Makopo bado yapo.

Niseme tu ninachokifikiria, daftari ni langu. Kama mteja ana shilingi za kitu kimoja, anunue kinga ya jua. Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, walianza kutengeneza kinga ya jua iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, na kazi yake inaonekana kwa macho. Peptidi yangu ya bluu hata kupenya ni shida. Kuna kanuni iliyoandikwa na Bos na Meinardi mwaka 2000 kwamba molekuli inayozidi dalton 500 (dalton ni kipimo cha uzito wa molekuli) haipiti ngozi nzima kirahisi. GHK-Cu ina 402, iko ndani ya mstari, lakini inapenda maji na ngozi ya juu ni mafuta. Ndiyo maana kuna peptidi nyingine zinazofungwa mkia wa asidi ya palmitiki, ile ile iliyojaa kwenye mawese, ili ziteleze. Sederma ya Ufaransa ilitoa Matrixyl kwa mtindo huo mwaka 2000. Huenda siku moja nitajaribu. Kwanza hii.

Jumatatu, 25 Agosti

Leo hakuna kemia, kuna chupa. Kariakoo nimezunguka maduka saba. Chupa za kioo cha kahawia zipo, vidondoshi vina mpira unaonuka petroli, pampu zisizoingiza hewa zipo lakini ndani kuna springi ya chuma inayogusa seramu. Chuma na shaba sizitaki chumba kimoja. Duka la nane lilikuwa na pampu yenye springi iliyokaa nje ya njia ya kimiminika. Nimenunua 20. Muuzaji aliniuliza kama natengeneza manukato, nikamjibu bado.

Jumamosi, 13 Septemba

Siku ya 55.

A ya mashine ya vifaranga: pH 5.8, rangi bluu, imekuwa nyepesi kidogo kwa kuangalia tu kwa jicho. A ya kabatini: 5.9, haijabadilika. Nimepeleka mbili maabara ya vijidudu, wamezipandikiza. Bakteria hawakuota, ukungu haukuota. Hilo halitoshi. Jaribio la kweli ni kuimwagia seramu vijidudu kwa makusudi na kuona kama kihifadhi kinavimaliza ndani ya siku 28, na gharama yake ni zaidi ya kila kitu nilichotumia mpaka leo. Dada amesema atatoa nusu.

Watu watano wa nyumbani wamepaka ndani ya mkono, siku saba. Wanne hawana kitu. Mama amewashwa kidogo siku ya pili, akaacha, ikaisha. Nimemwandika. Aliomba nisimwandike kwa kuwa anaogopa ataharibu mradi.

Jirani amekuja jioni. Mayai 60 yanafika Jumanne. Nimemwomba abakize chupa zangu sita kwenye kona ya juu na amekubali, ila vifaranga vinataka 37.5, hatapandisha kwa ajili ya wino wangu. Nimeandika kwa kalamu nyekundu: kuanzia tarehe 16 Septemba, joto 37.5, si 40. Nimebakiza gramu nne na kidogo za unga kwenye friza, pampu 20 ambazo hazijafunguliwa, na fomu ya maombi ya usajili ambayo dada ameshajaza sehemu ya jina la bidhaa, peke yake: "Bluu ya Ticha".